Mawingu Hutulia Jumamosi

Kivuko kilichelewa kutoka Kamanga, na Inspekta Teodora Maige alimsubiri daktari wa mifugo akiwa amekaa kwenye gari la polisi, mlango wazi, viatu amevivua, jalada limelala mapajani. Usiku uliopita alikuwa amelala kwa saa tatu tu. Wiki hiyo peke yake alikuwa na majalada sita, na hili ndilo lililowapa wenzake kituoni sababu ya kumtania. Waliliita kesi ya farasi.

Yaliyokuwamo hayakuwa ya kuchekesha. Alhamisi ya wiki mbili nyuma, saa kumi jioni, kwenye shamba la farasi la Pius Kashindye huko Luchelele, mwalimu wa kupanda farasi aitwaye Gladness Kija alirushwa chini mbele ya wageni wanne. Nyonga ilivunjika, na mkono wa kulia ukavunjika mahali pawili. Farasi aliitwa Mawingu, dume wa kijivu aliyehasiwa, mwenye miaka kumi na minne, ambaye watoto walikuwa wakifundishiwa juu yake. Dakika chache baada ya ajali Kashindye mwenyewe alikunjua kitambaa cha chini ya tandiko, akatoa mwiba wenye urefu wa kidole. Aliyefunga tandiko ni mtunza farasi Abdillah Salehe, mwenye umri wa miaka sitini na moja, ambaye siku chache kabla alikuwa amegombana na bosi wake kwa kunyimwa likizo. Basi ikaonekana kesi imejimaliza. Abdillah alikuwa nje kwa dhamana na aliripoti kituoni kila asubuhi. Jalada lilitakiwa kwa wakili wa serikali Jumatatu ijayo, na siku hiyohiyo Kashindye alikuwa amepanga farasi apigwe risasi.

Teodora alikuwa ameutazama ule mwiba mara nyingi. Ulikuwa mkavu, hauna doa la damu. Mgongo wa farasi haukuwa na hata mkwaruzo. Nyuma ya banda kulikuwa na ua wa migunga, na juu ya ua huo ndiko Abdillah alikoanika vitambaa vya matandiko kila siku. Koplo Nestory alivikagua vitambaa vingine sita, akakuta miiba kwenye viwili. Mwiba, kwa hiyo, haukuthibitisha kitu. Lakini ukiuondoa mwiba linabaki swali la pili, na hilo Kashindye alilijibu kwa neno moja. Farasi ni kichaa.

Teodora hakuwahi kupanda farasi maishani mwake. Alikulia Magu, nyuma ya maksai wa baba yake. Anachokumbuka ni kwamba maksai akigoma shambani, baba hakumchapa kwanza. Aliingiza mkono chini ya nira, akapapasa shingo.

Daktari Maulida alishuka kivukoni saa nne kasoro, mwanamke wa makamo mwenye mabuti ya mpira na begi zito. Siku hizi alitibu ng'ombe wa Sengerema, lakini aliwahi kufanya kazi miaka tisa kwenye mashamba ya farasi huko Arusha, na kando yote ya ziwa Teodora hakupata mwingine wa namna hiyo. Alisikiliza habari yote njiani, gari likipita stendi ya Nyegezi na kukata kuelekea ziwani, bila kuuliza hata mara moja.

"Sina mashine ya kupiga picha mifupa," alisema walipokuwa wanaingia getini. "Nina mikono, nina dawa, nina saa. Unanipa siku ngapi?"

"Leo Jumanne. Nipe jibu Ijumaa."

"Nitahitaji mtu wa kumpanda. Mtu mmoja tu, leo na siku ya kurudia, asibadilike."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Shamba lilikuwa na watu wawili waliojua kupanda. Mmoja alikuwa kitandani hospitalini, na mwingine alikuwa mtuhumiwa. Teodora alifikiri kidogo, akampigia simu mkuu wake wa kituo, akaeleza mara mbili. Alipokata simu alikwenda hadi mlangoni pa banda, alikosimama Abdillah, mtu mwembamba aliyepinda kidogo mabegani, aliyekuwa ameambiwa afike ila asimguse mnyama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Ilikuwa sauti ya mtu asiyetegemea tena kuamkiwa.

Alimweleza wanachotaka. Hakumlazimisha. Alimwambia wazi kwamba farasi huyo anaweza kumvunja kama alivyomvunja Gladness, na kwamba akikataa hakuna atakayeliandika hilo dhidi yake. Abdillah alivua kofia yake, akaiweka juu ya nguzo, akauliza lini.

Maulida alianza bila tandiko na bila mtu. Nestory alishika simu kurekodi. Farasi aliongozwa kwa kamba kwenye changarawe, kwenda na kurudi, kisha akazungushwa kulia, kisha kushoto. Daktari alikagua meno kwa tochi, akaona hayana kasoro ya kumsumbua. Alipitisha vidole mgongoni, pingili moja baada ya nyingine, na alipofika nyuma ya mahali tandiko linapokaa, mnyama akadidimia chini ya vidole kama kitanda cha kamba. Maulida akarudia. Akadidimia tena. Kisha akamkunja mguu wa nyuma wa kushoto, akaushikilia juu dakika nzima kwa saa, akauachia na kusema akimbizwe. Hatua sita za kwanza Mawingu alichechemea waziwazi, hata Teodora aliyekuwa mbali aliona. Mguu wa kulia ulipokunjwa hivyohivyo, hakukuwa na kitu.

"Umeshapata," Teodora alisema.

"Nimepata mguu mbovu. Hujaniuliza habari ya mguu, umeniuliza kwa nini alimrusha mtu. Farasi wengi wana miguu mibovu na hawarushi."

Wakafunga tandiko lilelile, lijamu ileile, na Abdillah akapanda. Maulida alikuwa na karatasi yenye orodha ya ishara ishirini na nne, ambazo wataalamu huzihesabu kwa farasi aliyepandwa. Kwenye orodha kulikuwa na masikio kulala nyuma kwa muda mrefu, jicho kukodoa, kinywa kufunguka, kichwa kurushwa juu, mkia kuchapa, kusita na kugoma. Zikifika nane au zaidi, alisema, tafuta maumivu kabla hujatafuta ujeuri. Aliruhusu hatua na mchakamchaka tu, dakika kumi. Abdillah alikaa kimya juu ya farasi, mikono chini, hamlazimishi. Mawingu alienda akikunja shingo na kuchapa mkia. Mara mbili alisimama ghafla akainua kichwa. Mara ya pili aliinuka mbele, kwato zikaacha ardhi, na Nestory akashusha simu bila kujua. Abdillah aliinama shingoni, akamwambia mnyama neno, akashuka upande kabla hajaamriwa.

Maulida alihesabu. Kumi na mbili.

"Sasa namchoma dawa ya kutuliza maumivu, leo, kesho na keshokutwa. Ijumaa asubuhi tunarudia. Mtu yuleyule, tandiko lilelile, saa ileile. Akibaki hivi, bosi ana haki ya kumwita kichaa."

Alitoa kichupa cha spiriti na pamba. Alipofungua kifuniko tu, hajasogea, Mawingu alikakamaa mwili mzima, akatoa macho, akasogea mpaka akabanwa na ukuta. Maulida alikirudisha kifuniko. Akasubiri. Akafungua tena. Mnyama akafanya vilevile. Daktari alimtuliza kwa maneno, akapapasa shingo chini ya manyoya, akamwita Teodora aweke vidole vyake hapo. Kulikuwa na vinundu vidogo vigumu, vingi, vimekaribiana.

"Huyu anachomwa sindano mara kwa mara," alisema.

Abdillah alikataa kwa upole. Tangu chanjo ya mwaka jana, alisema, farasi huyo hajachomwa kitu, na yeye ndiye aliyekuwa akilala bandani. Alisema hivyo huku akitazama vile vinundu, na Teodora aliona kwamba mzee mwenyewe ndiye anayejaribu kuvielewa. Maulida alisema kupima damu sasa hakutasaidia. Kama kulikuwa na dawa, imekwisha kupotea mwilini.

Jumatano Kashindye alikuja kituoni amevaa suti, ingawa hakuna aliyemwita kwa suti. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mtu wa maneno machache, na farasi walikuwa kitu alichoanzisha kwa ajili ya wageni wa mahotelini. Teodora alimuuliza kama Mawingu alikuwa akitibiwa. Hapana. Kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba farasi anaumwa. Hapana, hakuna mtu, siku yoyote. Teodora akamuuliza, kwa kuwa lilikuwa kwenye ukurasa wa kumi na moja wa jalada, kwa nini mgeni mmoja alieleza kwamba kabla ya ajali yeye Kashindye na mwalimu walikwenda pembeni wakazungumza.

"Tulizungumza habari za kazi," Kashindye alisema.

Teodora aliandika jibu hilo lote, akampa asaini. Alisaini bila kusoma.

Usiku huo na uliofuata Teodora alitazama video za shambani. Gladness alikuwa na tabia ya kurekodi masomo yote kwa simu ya shamba ili wanafunzi wajione, na zilikuwamo sitini na mbili, tangu mwezi wa tano. Teodora aliziangalia jikoni kwake Mkolani, chai ikipoa, na orodha ya Maulida pembeni. Mwanzoni aliona fujo tu. Siku moja Mawingu anakwenda kama kondoo na mtoto wa miaka saba mgongoni, siku nyingine anachapa mkia na kukunja shingo chini ya Gladness mwenyewe. Alidhani sababu ni mpandaji. Akapanga kwa wapandaji, haikukaa. Akapanga kwa matandiko, haikukaa. Alilala juu ya meza akaamka na alama ya kijiko shavuni.

Ijumaa asubuhi walirudia. Abdillah alipanda saa ileile. Mawingu alizunguka uwanja masikio mbele, mkia umetulia, hatua ndefu. Hakusimama hata mara moja. Maulida aliwaruhusu waongeze mwendo, na farasi akaongeza bila kuombwa mara mbili. Ishara zilikuwa tatu.

"Mguu haujapona hata kidogo," Maulida alisema, akikunja karatasi yake. "Kilichoondoka ni maumivu tu, na tabia imeondoka nayo. Huyu si kichaa. Andika kwamba nimesema hivyo, nitasaini."

Teodora aliandika. Alitakiwa afurahi, lakini kazi ilikuwa haijaisha. Alikuwa na jibu la farasi, hakuwa na jibu la vinundu. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na ilikuwa karibu saa sita mchana Abdillah alipokuja mbele yake, amenawa, amevaa kanzu, akaomba ruhusa.

"Ni Ijumaa, afande. Nikipata bodaboda nitawahi msikitini Nyegezi. Saa nane nitakuwa nimerudi."

"Nenda, mzee." Kisha akamwita kabla hajafika getini. "Unakwenda kila Ijumaa?"

"Sijakosa hata moja. Bosi anajua, kila mtu anajua."

Teodora alitoa daftari. Hakupanga tena kwa wapandaji wala matandiko. Aliandika siku. Video zote ambazo Mawingu alikwenda kama kondoo zilikuwa za Jumamosi na Jumapili. Jumatatu ilikuwa hivihivi. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, mkia na shingo. Jumamosi inayofuata, kondoo tena. Gladness alirushwa siku ya Alhamisi.

Alimsogelea Maulida akamuuliza dawa ya namna hiyo hushika kwa muda gani. Ukichoma nyingi, daktari alisema, siku mbili, tatu. Na shamba hili siku ya Ijumaa, saa sita mpaka saa nane, hubaki na nani? Nestory alijibu hilo, alikuwa ameliandika wiki ya kwanza bila kujua maana yake. Wageni ni wa Jumamosi na Jumapili. Bosi hukaa mjini mpaka Jumamosi. Abdillah akitoka, shamba linabaki na mwalimu peke yake.

Walichimbua shimo la taka kwa fimbo. Vichupa vilikuwa vimevunjika na kuyeyuka, havisomeki. Lakini vile vifuniko vya bati vinavyoziba vichupa vya sindano haviungui. Nestory alivitoa majivuni kimoja kimoja, akavipanga juu ya gazeti. Vilikuwa kumi na moja. Teodora alirudi nyuma kwa kalenda ya simu yake, kutoka Ijumaa ya mwisho kabla ya ajali. Ijumaa kumi na moja zilimpeleka katikati ya mwezi wa sita, wiki ileile ambayo Mawingu alianza kutulia Jumamosi.

Saa kumi jioni alikuwa wodini. Alimwomba mama yake Gladness awapishe, akavuta kiti. Msichana alikuwa amelala chali, hawezi kugeuka, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka begani. Katika maelezo yake ya kwanza alisema hakumbuki kitu. Teodora alimwonyesha mfuko wenye vifuniko. Gladness alivitazama, akatazama dari, akasema tena hakumbuki.

Teodora hakubishana naye. Alikuwa amechoka mno. Alimwambia tu kwa utaratibu mambo yalivyo, kwamba Abdillah anaripoti polisi kila asubuhi, kwamba jalada linakwenda Jumatatu, kwamba kuna mwiba.

"Abdillah?" Gladness aligeuza macho. "Bosi alikuja hapa, akaniambia Abdillah yuko likizo."

"Hayuko likizo, mwanangu. Anatuhumiwa kwamba alitaka kukuumiza."

Muuguzi alisukuma kigari, akaenda. Kisha Gladness alianza kusema, na hakusimama tena mpaka mwisho. Mwezi wa sita aligundua mguu, akamwomba bosi farasi apumzishwe. Bosi alimwambia farasi asiyebeba watu atauzwa, na Gladness alijua nani hununua farasi mzee mwenye mguu mbovu, na anamnunulia nini. Basi akawa ananunua dawa Kirumba, kwenye duka la dawa za mifugo, akisema ni ya ng'ombe wa nyumbani. Alichoma Ijumaa ili watoto wapande Jumamosi salama. Katikati ya wiki alimpanda yeye mwenyewe, taratibu, asimpe mtu mwingine. Aliamini anamlinda. Alichagua Ijumaa kwa sababu Abdillah angejua, na angemkataza.

"Na Alhamisi ile?"

"Bosi alileta wageni bila taarifa. Nilimwita pembeni. Nilimwambia leo hawezi, mguu unamuuma, tangu mwezi wa sita nakwambia. Akasema mtoto wa mgeni amekuja kupanda, na atapanda. Nikasema basi nianze mimi, nimlegeze kidogo."

"Ulijua atakurusha?"

"Nilijua anaweza. Yule mtoto alikuwa na miaka tisa, mama. Mimi najua kuanguka."

Teodora aliandika kurasa tano kwa mkono, akamsomea polepole, akambonyezesha dole gumba la kushoto badala ya saini kwa sababu la kulia lilikuwa ndani ya plasta. Ukurasa wa nne ulipingana na kile Kashindye alichosaini Jumatano, na mgeni wa ukurasa wa kumi na moja angeweza kuulizwa upya alisikia nini. Mwiba sasa ulikuwa ni mwiba tu, na mtu aliyeuinua juu mbele ya wageni alikuwa na sababu ya kuuinua.

"Na mimi?" Gladness aliuliza.

"Na wewe utaandikwa. Ulimchoma mnyama dawa bila daktari, ukapandisha watoto wa watu juu yake wiki kumi na moja. Siwezi kulificha hilo."

"Sawa." Alifumba macho. "Jumatatu watampiga risasi?"

"Hapana. Ni kielelezo cha kesi. Hakuna wa kumgusa bila ruhusa ya mahakama."

Alimwita mama wa mgonjwa arudi ndani, akashuka hadi kwenye gari. Kutoka mlima wa hospitali ziwa lilionekana lote, lina rangi ya bati, na Nestory alikuwa amesinzia kwenye usukani. Alimpigia Kashindye, akamwambia kesho saa tatu asubuhi afike kituoni na wakili wake. Kashindye aliuliza kuna nini. Teodora alimwambia ni maelezo yake, kuna mahali panahitaji kusomwa.

Kisha akampigia Abdillah. Alikuwa bandani, sauti ya ndoo ilisikika nyuma yake. Teodora alimweleza kwamba asubuhi asiripoti tena kama mtuhumiwa, aje kama shahidi. Alitegemea shukrani, au kilio, kama watu wanavyofanya. Mzee aliuliza nani alikuwa anachoma. Akamwambia.

Ndoo ilitua chini.

"Kuchoma sindano nilimfundisha mimi," Abdillah alisema. "Mwaka jana, wakati wa chanjo. Aliogopa, nikamshika mkono. Hilo umeliandika?"

"Si kosa, mzee. Halina haja ya kuandikwa."

"Nakuomba uandike, afande. Asionekane kama alijifunza peke yake."

Teodora alimwangalia Nestory aliyekuwa anakoroma taratibu. Alivaa miwani, akafungua jalada mapajani, akatafuta ukurasa mweupe.

"Haya, sema," alisema. "Jina kamili kwanza."